Naomba ushauri: nishike tamthilia au nikatengeneze filamu yangu?

Wakuu, habari za leo. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 29, huu mwaka wa nne ni muongozaji msaidizi kwenye tamthilia moja hapa Dar. Kazi yangu kwa lugha nyepesi ni kugombana na jua: sini 12 kwa siku, jenereta limezima, msanii mkuu yuko foleni Mbagala.

Sasa nimeambiwa nishike kiti chenyewe cha muongozaji, mkataba wa mwaka mzima. Hela si mbaya. Ila nina skripti yangu ya filamu ndefu, na akiba kidogo.

Najua Spielberg, yule muongozaji wa Hollywood, alianzia televisheni. Filamu yake Duel ilirushwa ABC, televisheni ya Marekani, mwaka 1971. Lakini Amil Shivji, muongozaji wetu Mtanzania, alianza na filamu fupi, na filamu yake ndefu Vuta N'kuvute ikafika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021.

Naogopa mkono kuzoea kulipua. Mliowahi kuongoza tamthilia, mlipata muda wa kupiga vya kwenu? Na kwenye mkataba nidai kipengele gani ili nikipiga filamu yangu nisionekane nimeuvunja?

Mke wangu anasema nisaini leo leo.