Usukani wa boti ya faiba umejaa maji: nikaushe au nipasue?

Tezi_Mikindani:
Wakuu, habari za pwani. Boti ya tanga ya faiba, mita 9, imepwelezwa Mikindani na kutiwa gadi (nguzo za kuitegemeza). Usukani unaning'inia chini ya tezi (nyuma ya boti) kwa mhimili wa stenlesi; ubapa ni maganda mawili ya faiba yaliyojazwa povu gumu. Chini kwenye maungio pana ufa mwembamba, na maji ya kahawia yanachuruzika hayakomi. Ukiugonga kwa mpini wa bisibisi, theluthi ya chini inatoa mlio mzito, uliokufa. Nitoboe nikaushe, au nipasue ganda? Na maji yanaingilia wapi, maana rangi ya nje ni nzima?

Fundi faiba, Lindi:
Ufa wa chini ni pa kutokea tu. Pa kuingilia ni juu, pale mhimili unapozama kwenye ubapa. Stenlesi na faiba havitanuki sawa juani, resini (gundi inayogandisha faiba) haishiki sana kwenye stenlesi, na mawimbi yanausukasuka usukani muda wote. Mwanya ukishafunguka, maji yanashuka yakiufuata mhimili. Ukiziba chini ukaacha juu, umeyafungia ndani.

Ushushe usukani kwanza. Chimba shimo mchangani chini yake, kina kinachotosha urefu wa mhimili, na uchimbe wakati maji yamekupwa, mbali na miguu ya gadi. Kisha toboa kwa biti ya milimita 6: tundu tatu au nne chini kabisa, na moja juu ili hewa iingie. Zungushia utepe kwenye biti, milimita 12 kutoka nchani, kwa sababu ndani kuna mbavu za chuma zilizochomelewa kwenye mhimili.

Maji yakiisha kutoka, suuza ndani kwa maji baridi ya bomba, tena na tena. Watu wengi huiruka hatua hii. Chumvi ikibaki kwenye povu itaendelea kuvuta unyevu wa hewa, na hapo hata ukianika msimu mzima hakukauki.

Anika kivulini penye upepo. Miezi ya kusi, Juni hadi Oktoba, ndiyo yenyewe. Mvua zikishaanza unapoteza muda. Pima uzito kwa mizani kila wiki, na uzito ukiacha kushuka, bandika kipande cha nailoni juu ya tundu, ukizibe kingo zote kwa utepe, usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani, bado.

Kana, Shangani:
Naungana na fundi kuhusu kusuuza, ila rangi ya kahawia inanitia wasiwasi. Kwa mimi hapo ni kupasua. Stenlesi inajilinda kwa oksijeni; ikikaa kwenye maji ya chumvi yaliyotuama bila hewa inaliwa kwa vishimo, hasa kwenye viungo vya kuchomelea. Nje mhimili unang'aa, ndani mbavu zimekatika. Siku mbavu hizo zikiachia, mhimili unazunguka peke yake na ubapa haufuati, mkondoni au mlangoni mwa bandari.

Jaribu hivi: mtu mmoja ashike ubapa kwa nguvu, mwingine azungushe kana (mpini wa usukani) taratibu. Kukiwa na mchezo wowote, yaani mhimili ukisogea ubapa usifuate, hata kidogo, usibishane nao. Kata ganda la upande mmoja kwa grenda, acha ukingo wa sentimita 5 pembeni, toa povu, sugua chuma ukione. Mbavu zichomelewe upya kwa gesi ya agoni na waya wa stenlesi. Fimbo ya kawaida ya kuchomelea itashika kutu upesi.

Tezi_Mikindani:
Asanteni sana. Naweza kuharakisha kwa jiko la mkaa chini yake? Na nikiweka kizibo cha kudumu chini?

Fundi faiba, Lindi:
Mkaa hapana kabisa. Moto ukizidi, maji yanageuka mvuke na kubandua maganda kutoka kwenye povu. Tumia feni.

Kizibo cha plastiki kinafaa kwa kukagua kila unapopandisha boti, mradi usikitegemee badala ya kuziba juu. Pale mhimili unapoingia, chimba mfereji kuuzunguka, upana milimita 6, kina 10. Sugua chuma kwa msasa, futa kwa asetoni, subiri ikauke, jaza gluu ya poliyurethani ya baharini, kama Sikaflex-291. Usijaze epoksi (resini ya kuchanganya na kigumisho) hapo. Ni ngumu, itapasuka palepale.

Tundu na ganda rudishia kwa epoksi. Kingo zichongwe kwa mteremko mrefu, upana mara 12 ya unene wa ganda. Epoksi inashika vizuri juu ya poliesta (resini ya kawaida ya boti za faiba), lakini poliesta juu ya epoksi haiaminiki, kwa hiyo ukianza na epoksi malizia nayo. Povu jipya la kumimina litie kidogo kidogo huku tundu za hewa ziko wazi, maana linatanuka, na likibanwa linafumua maungio yote.

Kana, Shangani:
Na kabla ya kurudisha, angalia bushi za mhimili (pete unamozungukia). Zikiwa zimelika, usukani utatikisika na gluu ya juu itaachia tena.