Tupeane uzoefu: kuwasha roli la dizeli kwenye baridi ya Njombe

Dereva wa Igoma: Wakuu, tumelala Makambako tukienda kubeba viazi. Asubuhi Fuso la jirani limegoma kabisa. Sisi wa Mwanza tumezoea joto la ziwani, ukipiga stata gari linaitika. Huku mwezi wa saba ni habari nyingine. Mliopitia, semeni.

Ng'wana Magu: Kabisa mkuu. Baridi ile inaingia mpaka kwenye betri.

Fundi Nyakato: Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa kwenye silinda, haina cheche kama petroli. Chuma kikipoa kinanyonya joto hilo, oili inakuwa nzito, betri imepungua nguvu, stata inazunguka kivivu. Tena Njombe iko juu, karibu mita 2,000, hewa nyepesi. Fungua swichi, subiri taa ya hita, ile plagi inayopasha silinda joto, izime ndipo upige. Sekunde 10 kimya? Acha, ipumzike dakika mbili. Ukikomaa nayo unaunguza stata.

Mzee wa Sirari: Hita za nini? Chovya tambara kwenye petroli, liwashe mbele ya mdomo wa hewa. Linaitika hapo hapo.

Fundi Nyakato: Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo usiwafundishe vijana. Petroli inaweza kulipuka kabla pistoni haijafika juu, na moto unaweza kukurudia usoni. Hata ile dawa ya kopo ya kupuliza kwenye mdomo wa hewa ili injini iwake, gari lenye hita usiipulize.

Mzee wa Sirari: Marahaba. Nimeendesha magari hayo hujazaliwa.

Usagara Kwetu: Mnabishania petroli, mimi naogopa bisibisi. Tulikuwa Mafinga alfajiri, ukungu huoni pua ya gari. Swichi mbovu, dereva akamtuma utingo aingie chini kutokea mbele, aunganishe stata kwa bisibisi. Gari lilikuwa limelazwa kwenye gia ya kwanza kwa sababu handibreki haishiki, na hakuna aliyeitoa hiyo gia. Kijana kugusa tu, cheche, gari likaruka. Injini haikuwaka hata, stata peke yake ndiyo iliyolisukuma! Tukasikia ukelele. Tairi lilikanyaga pindo la koti lake la mtumba likagota kwenye jiwe la kukingia. Tulilikata koti kwa kisu ndipo akatoka, meno yanagongana, hasemi.

Ng'wana Magu: Mungu wangu! Yuko hai?

Usagara Kwetu: Mzima, anauza vipuri Buzuruga. Jamani, nyutro kwanza, jiwe kwenye tairi, na mtu asiwe chini.

Kijana wa Kirumba: Mimi sizimi gari usiku kucha, nalala nalo linanguruma.

Mama Kulwa: Na dizeli ya tajiri je? Mimi ndiye tajiri mwenyewe, ningekufukuza Shinyanga hujafika.

Ng'wana Magu: Na yadi ikiwa imefungwa, moshi unawaua usingizini. Acha hiyo.

Mama Kulwa: Fundi, dereva wangu akiazima betri, waya upi unaanza?

Fundi Nyakato: Chanya kwa chanya. Hasi ya mwisho aifunge kwenye chuma cha injini, mbali na betri, maana betri inatoa gesi inayoshika moto. Likiwaka asikanyage mafuta, oili ifike kwanza kwenye turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini.

Mama Kulwa: Asante baba. Nataka hita mpya kabla hajaondoka Jumatatu.

Fundi Nyakato: Mwambie aje na moja ya zamani mkononi. Kuna za volti 12 na za volti 24, na ya 12 ukiifunga kwenye gari la 24 inaungua siku hiyo hiyo.