Kuandika nimepata 6.0 tena: nisaidieni kupanga insha

Hamjambo nyote,

Dada yangu aliye Leeds ndiye aliyeniingiza kwenye kundi hili, kwa hivyo nianze kwa kuwaamkia wakubwa: shikamooni. Mimi ni muuguzi hapa Nakuru na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, imenirudisha nyumbani mara ya pili. Kusoma, kusikiliza na kuzungumza nimevuka 7. Kuandika, 6.0. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka 7 katika hizo tatu na 6.5 katika kuandika. Nimeachwa mlangoni kwa nusu alama.

Jana usiku nilifanya swali la mazoezi. Kwa Kiswahili changu lilisema hivi: watu wengine huona dawa ya msongamano mijini ni kujenga barabara zaidi, wengine huona heri pesa hizo ziingie kwenye usafiri wa umma. Jadili maoni yote mawili, kisha utoe maoni yako. Niliandika maneno 310 juu ya mjomba wangu mwendesha tuktuk wa Kondele, Kisumu, alivyokwama kwenye foleni akiwa amembeba mama mjamzito. Mwenzangu wa zamu aliisoma akasema ni tamu. Basi kosa liko wapi? Ada ya mtihani si ya kuchezea.

Muuguzi, Shabab, Nakuru

*

Mdogo wangu, pole sana.

Kabla ya kuja huku Leicester nilifundisha Kiswahili Kisumu, kwa hivyo ugonjwa wako naujua: sisi walimu ndio tuliokuambukiza. Kidato cha nne tulikupa methali, tukakwambia utunge kisa kisichopungua maneno 400, na aliyeanza na jua likichomoza na ndege wakiimba akasomewa darasa zima. Tulitaka utamu. Mtahini wa IELTS kwanza anataka kujua kama umejibu alichouliza. Hilo peke yake ni robo ya alama. Robo zilizobaki ni mpangilio, msamiati na sarufi. Insha ya mjomba inaweza kuwa na sarufi safi kama maji ya mtungi na bado ikaanguka kwenye robo ya kwanza.

Lakini kuna somo moja la darasani ulifufue. Unakumbuka "Mchumia juani hulia kivulini"? Kisa kikiwa na jua bila kivuli, alama zilikwenda. Lisome swali hili vivyo hivyo. Lina kazi tatu: wanaotaka barabara, wanaotaka usafiri wa umma, na wewe umesimama wapi. Mjomba wako amekwama kwenye foleni mwanzo hadi mwisho, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyofanywa.

Una dakika 40, na maneno yasipungue 250. Dakika tano za kwanza usiandike sentensi. Pigia mstari maneno yanayokuagiza, halafu chagua msimamo kabla ya kitu kingine chochote, maana huo ndio utakaokwambia aya ipi iwe nzito. Na usihangaike kutafuta ukweli wa moyoni. Chukua upande ulio na mifano. Mimi ningechora hivi pembeni:

Utangulizi: mvutano upo, mimi, usafiri wa umma kwanza
Aya 2: barabara – malori, ambulensi, mazao yafike sokoni
Aya 3: usafiri wa umma – basi moja, watu wengi, barabara mpya huita magari mapya
Hitimisho: msimamo uleule, maneno mengine

Imekwisha. Kila aya ibebe wazo moja ulieleze mpaka liive. Maneno ya swali usiyanakili kama yalivyo, kwa sababu hayahesabiwi. Na zile tangulizi za kukariri za mtandaoni, achana nazo. Watahini wamezizoea kuliko wewe.

Mwalimu, Leicester

*

Mimi ni wa Kakamega, niko Calgary. Mwalimu amesema kweli, ila mjomba ameonewa! Maagizo yenyewe ya IELTS hukuambia utoe mifano ya mambo unayoyajua au uliyoyapitia. Mjomba si haramu. Tatizo amekalia insha nzima, kama mgeni aliyekuja kwa wiki moja akamaliza mwaka.

Langu ni la saa. Sehemu ya pili, hii ya insha, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza, ya kueleza grafu. Wengi huanza na grafu kwa kuwa imetangulia, dakika 20 zinageuka 30, na insha inaliwa. Mimi hitimisho langu lilikuwa nusu sentensi. Niliporudia nilianza na insha, grafu ikaja baadaye, na hakuna aliyenishtaki. Ukifanyia kwenye kompyuta, idadi ya maneno inaonekana kwenye skrini, kwa hivyo usipoteze muda kuhesabu kwa kidole.

*

Asanteni sana, mwalimu na ndugu wa Calgary.

Leo nimeamka saa kumi na moja kabla ya zamu, nikaweka dakika tano kwenye simu. Nimetoka na hivi:

Utangulizi: usafiri wa umma kwanza
Aya 2: barabara – miji inakua, Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021 na magari yanaongezeka
Aya 3: usafiri wa umma – hutumia nafasi ndogo, hewa safi, nauli nafuu, ajali chache
Hitimisho: narudia msimamo

Mjomba nimemtoa kabisa.

*

Aya ya 2 nimeipenda, ina mahali na ina tarehe. Aya ya 3 umerundika hoja nne na hakuna hata moja yenye mfano. Baki na ile ya nafasi, nyingine futa. Halafu hapo Kondele si barabara ya juu ilijengwa, na mjomba wako bado anakwama chini yake? Mrudishe. Sentensi mbili, bila mama mjamzito.

Mwalimu