UZI WA MALALAMIKO: Nimeuziwa tairi la 2012 kama jipya hapa Mwanza, halafu naambiwa "tairi halina tarehe"

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Naandika hapa mguu wa kulia wa mdogo wangu ukiwa na bandeji kuanzia goti mpaka kifundo, na pikipiki yangu imesimama uani juu ya matofali, haina gurudumu la nyuma. Sababu ni tairi. Tairi nililolipia kama jipya, kumbe lilitoka kiwandani Septemba 2012.

Nianze mwanzo, maana najua kuna watakaokuja na "ulikuwa unakimbiza wewe".

Nina Honda CBR600RR ya 2007. Ilitoka Japani, ikashuka Dar, ikapanda lori mpaka huku. Ni cc 599, nguvu yake inapita farasi 100, wakati Boxer ya bodaboda haifiki hata 15. Sijisifu. Nataka mwelewe kwamba nguvu yote hiyo, pamoja na breki zote na uzito wa watu wawili, inategemea vipande viwili vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kama upana wa kiganja. Mpira ukiwa mbovu hakuna breki ya bei mbaya itakayokuokoa.

Matairi iliyokuja nayo yalikuwa yameliwa katikati. Barabara zetu zimenyooka sana, ukitoka mjini kwenda Magu, Lamadi mpaka Bunda unakaa wima karibu muda wote, kwa hiyo katikati panaisha na pembeni kashata (ile michoro ya mpira inayoshika lami) imebaki nzuri kabisa. Tairi la pikipiki likishakuwa bapa hivyo, kona inakuwa mateso: pikipiki inagoma kulala, halafu inajitupa ndani ghafla. Nikaamua nibadilishe yote mawili kabla ya mvua za vuli.

Nikazunguka wiki nzima. Mjini kati, Mabatini, Buzuruga, Igoma. Kila duka ukuta mzima ni matairi ya saizi 2.75 na 3.00 za bodaboda. Hilo sina ugomvi nalo, hao ndio wateja wao. Ugomvi wangu ni na mtu asiyejua kitu kukijibia kama anakijua, kwenye jambo linaloweza kumuua mwenzake.

Pikipiki hii mbele inavaa 120/70 ZR17, nyuma 180/55 ZR17 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, 17 ni inchi za rimu). Imeandikwa kwenye kibandiko cha mkono wa nyuma, ule wa chuma unaoshika gurudumu, karibu na mnyororo. Duka la kwanza naambiwa "weka 200 kaka, ipendeze nyuma". Rimu yangu ya nyuma ina upana wa inchi 5.5. Ukibana tairi la 200 humo, mabega yake yanasukumwa ndani, umbo linaharibika, na sehemu uliyoilipia ndiyo haigusi lami. Duka la pili wananitajia tairi la gari la inchi 17, "litadumu zaidi". Tairi la gari! Lina uso bapa, limetengenezwa lisimame, halilali. Na kingo za rimu ya pikipiki si sawa na za gari, ndiyo maana kwenye tairi letu pameandikwa M/C. Wala sikubishana, niliondoka.

La tatu walikuwa na tairi la mashindano, karibu lote ni mpira mtupu, kashata ni mikato michache tu. Jamaa anasema hakuna linaloshika kama hili. Ni kweli linashika, likiwa la moto. Kwenye mashindano matairi ya namna hiyo yanavishwa mablanketi ya umeme kabla ya kuingia uwanjani. Mimi natoka Buhongwa naenda mjini, nusu ya safari nimesimama nyuma ya daladala, joto hilo nitalipata wapi? Na mvua ikinyesha, maji yatoke wapi bila mifereji?

Nilichokuwa nataka ni tairi la barabarani la aina ya kati, kama Michelin Road au Pirelli Angel, lenye mpira mgumu katikati kwa safari ndefu na laini pembeni kwa kona. Halihitaji moto mwingi, linatoa maji vizuri. Kwa mtu wa huku anayepanda leo Musoma, kesho Sengerema kwa daraja la Kigongo–Busisi, hilo ndilo chaguo. Nilishafika hapo mwenyewe kwa kusoma na kuuliza. Nilichokosa ni bidhaa tu.

Ndipo nikaingia duka la nne. Jina nalihifadhi kwa sasa kwa sababu malalamiko rasmi nimeshayaandika. Mwenye duka alinisikiliza vizuri, akasema anaagiza Dar, wiki mbili. Laki tisa na nusu jozi, nusu mbele. Nikalipa. Wiki mbili zikawa nne. Nikapigiwa simu mzigo umefika. Nafika, nakuta fundi wao ameshaanza kuvalisha, plastiki zimechanwa, tairi la nyuma tayari liko kwenye rimu. Jina la kampuni kubwa ya Ulaya, saizi sahihi, linang'aa jeusi tii, na vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani bado vimesimama. Nikaamini.

Fundi alitumia mitarimbo mitupu bila hata kipande cha ngozi, akanichubua rimu sehemu tatu. Balansi hakupima, anasema pikipiki haina haja. Upepo akajaza PSI 28 mbele na 28 nyuma, za bodaboda. Kiwango cha hii ni 36 mbele na 42 nyuma, kikipimwa tairi likiwa la baridi. Nilikwenda kuongeza mwenyewe kituo cha mafuta. Hayo niliyameza. Rimu itapakwa rangi.

Nikatembea nayo karibu kilomita 300, ikiwemo kwenda Magu na kurudi, taratibu, kwa sababu mpira mpya unatakiwa uutoe utelezi wa juu kwanza. Kwa hiyo msiniambie sikuyafanyia mazoezi.

Jumapili hiyo kulikuwa na manyunyu. Nimempakia mdogo wangu, tunakwenda kwa shangazi Kirumba. Pale Mkuyuni bajaji iliyokuwa mbele ikapunguza, nami nikapunguza, nikainama kidogo kuipisha. Mwendo hauzidi 35. Nyuma ikaondoka. Haikuyumba kwanza kama tairi linavyoonya, iliondoka moja kwa moja kama nimekanyaga ganda la embe. Tukaburuzika. Kofia ngumu tulikuwa nazo wote wawili, namshukuru Mungu. Mkono wa breki umevunjika, plastiki ya ubavu imepasuka, na goti la mdogo wangu limeshonwa nyuzi tisa. Vijana wa kijiwe cha boda pale walituokota, wakasimamisha magari, wakampeleka hospitali bila kuuliza hela. Wabeja sana vijana.

Alichoniambia mdogo wangu akiwa kitandani ni hiki: "Kaka, si ulisema umeweka matairi mapya?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu nikalifungua gurudumu, nikalipeleka kwa mzee mmoja fundi Igoma, mtu aliyezeekea kwenye malori. Hakuuliza saizi. Alikandamiza ukucha kwenye kashata, ukateleza kama kwenye sahani. Akamwaga petroli kidogo kwenye kitambaa, akasugua ubavu upande wa mnyororo. Kitambaa kikatoka cheusi, ile dawa ya kung'arisha yote ikaondoka. Chini yake kuna herufi DOT, na mwisho wa safu, ndani ya kiduara, tarakimu nne: 3812.

"Ng'wanawane," akaniambia, "ulilisoma hili kabla hujatoa hela?"

Wakuu, tarakimu mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 38 ya 2012. Likiwa na miaka zaidi ya 12! Tukaliinamisha kwenye mwanga, ndani ya mifereji kuna nyufa nyembamba kama za tope lililokauka. La mbele ni 3612, ndugu yake kabisa.

Hapa ndipo panaponichoma. Mpira haukai tu dukani ukisubiri mteja. Una mafuta ndani yanayoufanya uwe laini, na mafuta hayo yanapungua mwaka hadi mwaka. Hewa yenyewe inaula, jua linaula, joto linaula. Unakauka, unakuwa kama plastiki. Kashata inabaki nzima, vinyweleo vinabaki vimesimama, lakini kushika lami hakuna, na kwenye lami yenye maji ndiyo basi kabisa. Watengenezaji wengi wanataka tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka mitano ya matumizi, na Michelin wanasema likifika miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama linaonekana zima. Hili liliuzwa kwangu likiwa limeshapita hapo. Na mnajua maduka yetu yanavyoanika matairi barazani, jua la huku karibu na ikweta, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka wanafunga.

Nikarudi dukani na tairi begani. Mwenye duka hakushtuka hata kidogo. "Kaka, tairi halina tarehe, si maziwa hayo. Angalia vinyweleo, halijawahi kugusa barabara." Nikamwonyesha 3812. Akasema hiyo ni namba ya kiwanda. Nikamweleza. Akasema mbona bodaboda wananunua na hawalalamiki. Nikamuuliza, kama ni namba ya kiwanda tu, nani aliipaka dawa nyeusi mpaka ikafunikwa? Akanyamaza, akaanza kumhudumia mteja mwingine.

Baadaye akaniita, eti tuelewane. Akanitolea tairi jingine la kubadilishana, kweli la karibuni, ila ni 140/70-17, ubavuni 66H. Langu ni 73W. Hiyo namba ni uzito: 73 inabeba kilo 365, 66 inabeba 300. Herufi ni mwendo ambao tairi linaustahimili: W ni kilomita 270 kwa saa, H ni 210. Akacheka, "kwani Mwanza hii utakimbia 270 wapi?" Sikimbii, mjini natembea 50 kama sheria inavyosema. Herufi inaonyesha tairi limejengwaje ndani na linavumilia joto kiasi gani likivutwa na injini ya namna hii. Na 140 kwenye rimu ya inchi 5.5 haikai hata kwa kulazimisha. Mtu anayeuza matairi anatakiwa ayajue haya kuliko mimi!

Risiti aliyonipa mwanzo ilikuwa ya mkono, "tairi 2 pikipiki", basi. Nilidai ya EFD siku ileile na ninayo. Lakini hata hiyo haina saizi wala tarehe, na ndicho anachoning'ang'anizia sasa, kwamba nitathibitishaje ni yake. Mkinunua, hakikisheni zile tarakimu nne zimeandikwa kwenye risiti, mbele na nyuma, na mzisome kabla fundi hajagusa mtarimbo. Tairi mara nyingi lina tarehe upande mmoja tu, likigeuzwa hamtaiona. Muuzaji akikasirika kuulizwa, ondokeni.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Kupaka dawa juu ya tarehe ni kupotosha, sioni jina jingine. Barua yangu kwenda Tume ya Ushindani imekamilika, ina picha za DOT zote mbili, nyufa, risiti na karatasi ya hospitali. Nataka laki tisa na nusu yangu, gharama za matibabu, na mkono wa breki. Pia nataka yale matairi mengine mawili niliyoyaona yamening'inia pale juu ya mlango, yenye mng'aro uleule, yashushwe kabla hayajavalishwa kwa mtoto wa mtu.

Na kwa mliokwisha kuniandikia pembeni kwamba "ndiyo matokeo ya kununua midude ya kizungu": dawa ile ile nyeusi inapakwa kwenye 3.00 za bodaboda. Kesho dada yako atapakizwa juu yake.

NYONGEZA, Jumamosi jioni: mwenye duka amenipigia, anasema atarudisha laki nne nikifuta uzi. Siufuti. Jumatatu saa tatu asubuhi barua inakwenda.

Mwenye 120/70 na 180/55 za inchi 17, 58W na 73W, awe Mwanza, Musoma, Bukoba au Geita, tarehe isizidi miaka mitatu, aniandikie. Picha ya ubavu kwanza, bei baadaye.