RUSLE, WEPP au SWAT? Natakiwa kuchagua wiki hii

Mgeni_Shambani: Wakuu, nahitaji modeli moja ya kutabiri maji yanayotiririka na udongo unaosombwa shambani. Ipi iko vizuri? Data ninazo.

Mkokotoo: Data zipi? Shamba au bonde zima la mto? Mvua umepima kwa siku au kwa dakika? Hata mteremko hujasema.

Tifutifu: RUSLE yatosha. Unazidisha tu: mvua, udongo, mteremko, mimea, hifadhi. Umemaliza.

Mkokotoo: Hiyo inatoa wastani wa miaka mingi. Ukiilinganisha na mvua ya Jumanne iliyopita unaionea. Na makorongo haiyaoni kabisa. Mama yake, modeli ya USLE, kipande chake cha kipimo kina urefu wa mita 22.13 tu, mteremko asilimia 9.

Mgeni_Shambani: Samahani. Vipande vitatu, kila kimoja chini ya hekta, mteremko asilimia 8. Maji na mashapo tumepima misimu minne.

Bi_Matope: Hapo WEPP. SWAT ni ya mabonde, na mimi ilinitoa jasho. Msimu wa kwanza Nash-Sutcliffe, alama ya modeli dhidi ya vipimo (1 ni kamili, 0 ni sawa na kuandika wastani tu), ilisoma 0.8, nikatembea kifua mbele. Msimu wa pili, ambao modeli haikuuona, ikashuka chini ya sifuri. Afadhali ningeandika wastani nikalale. Wiki tatu nahangaika. Siku moja nikakitoa stoo kipimamvua cha zamani tulichokuwa tumekibadilisha: nyigu wamejenga kiota cha tope kwenye shingo ya faneli! Kumbe msimu wa kwanza mvua ilisomeka pungufu, nami nikapandisha namba ya CN, inayoamua mvua kiasi gani itiririke, hadi shamba likawa kama lami, ili litoe maji ambayo halikupewa.

Tifutifu: Kesi ya nyigu hiyo, SWAT haimo 😄

Mkokotoo: Hiyo 0.8 ya siku au ya mwezi? Ukijumlisha kwa mwezi, makosa ya siku yanamezana.

Bi_Matope: Ya mwezi.

Mkokotoo: Enhe.

Jembe_Butu: Mnabishana Nash wakati dhoruba mbili tatu ndizo zinazobeba udongo mwingi wa msimu. Angalia modeli imezipataje hizo.

Mgeni_Shambani: Basi nijaribu WEPP na RUSLE zote, misimu miwili ya kurekebishia, miwili nizifiche?

Mkokotoo: Mvua ya dakika unayo? Hujanijibu.

Tifutifu: Bi Matope, siku hizi mdomoni mwa kipimamvua unafunga wavu?

Bi_Matope: Thubutu! Matone yanarukia nje. Nakagua kila Jumatatu, na tochi.