Aloi mpya kwenye injini za ndege za kujiundia: saa 40 zinatosha kumpakia abiria?

Wadau, tulijadili hili bila kumung'unya maneno. Kule Marekani, mtu akijenga mwenyewe zaidi ya nusu ya ndege yake, mamlaka ya anga, FAA, humpa cheti cha ndege ya majaribio. Injini yake hailazimiki kuwa na ithibati, hivyo anaweza kuweka vipande vya aloi mpya, yaani mchanganyiko mpya wa metali. Kwa kawaida huruka saa 40 za majaribio bila abiria, au 25 kama injini na propela vina ithibati. Baada ya hapo ruksa kupakia mtu.

Aloi nyepesi siipingi hata kidogo. Ndugu wawili Wright, waanzilishi wa ndege, waliruka mwaka 1903 na injini ya nguvu farasi 12 aliyoitengeneza fundi wao Charlie Taylor, kasha lake likiwa la alumini iliyochanganywa na shaba. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 7.9, alumini 2.7, magnesi 1.74 tu. Ukipunguza kilo tano kwenye injini, umepata nafasi ya karibu lita saba za petroli.

Ninachohofia ni uchovu wa metali, yaani kudhoofika kwa kubebeshwa mzigo tena na tena. Chuma kina kiwango cha mzigo ambacho ukibaki chini yake, hakichoki. Alumini haina. Kila mzunguko unahesabika, na ufa usioonekana kwa macho hukua taratibu mpaka kipande kinakatika. Ndiyo maana vipimo vya uchovu wa alumini hupelekwa hadi mizunguko milioni 500. Sasa piga hesabu: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa saa 40 imefikisha milioni 7.2. Kufika milioni 500 kunataka karibu saa 2,780! Konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na mhimili wa injini) ya aloi mpya inaweza kumaliza majaribio bila dosari yoyote, halafu ikakatika saa ya 300, mtu akiwa amempakia mwanawe.

Magnesi nayo ina lake. Ikigusana na bolti ya chuma penye hewa ya chumvi, utaona unga mweupe ukizunguka bolti. Hapo inaliwa.

Najua hoja ya upande wa pili: ndege ni yake, hatari ni yake, na bila wabunifu hawa injini ndogo zisingesonga mbele. Tena ndani ya ndege kuna tangazo linalomwambia abiria kwamba ndege haikidhi viwango vya kawaida. Sawa, lakini tangazo hilo halimwambii konrodi imetengenezwa kwa nini. Na uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, wa mwaka 2012 ulikuta hitilafu za injini ni miongoni mwa matukio yanayoongoza katika ajali za ndege hizi.

Pendekezo langu: kava, sampu (bakuli la oili) na mabano, watu wajaribu watakavyo. Konrodi, krenkishafti (mhimili wenyewe unaozunguka) na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda) za aloi mpya zisibebe abiria mpaka injini ya aina hiyo iendeshwe ardhini mamia ya saa, ifunguliwe, na vipande vipakwe ile rangi nyekundu inayozama kwenye ufa na kujitokeza ukishapaka unga mweupe juu yake. Ni gharama, nakubali, na baadhi ya wajenzi wataacha. Bado naona ni haki kwa anayekaa kiti cha pili.

Mnaotetea utaratibu wa sasa, nijibuni: saa 40 zinatosha kwa kipimo gani?