Mkataba wa Wamaasai wa 1904: miaka 99 ilitoka wapi?

Nashipae_Narok:
Wadau, naombeni msaada. Huku kwetu kila mzee atakwambia Mzungu alikodishiwa ardhi kwa miaka 99 na muda ukaisha Agosti 2004. Ndiyo maana mwaka ule watu waliandamana Nairobi, na kule Laikipia ng'ombe wakaingizwa kwenye mashamba makubwa, polisi wakafyatua risasi, mzee mmoja akafa. Sasa nimepata nakala ya ule mkataba wa 1904 kati ya Wamaasai na Waingereza, kwa Kiingereza. Nimeisoma yote, 99 siioni. Je, wazee walisomewa tafsiri nyingine, au kuna karatasi iliyofichwa?

Hesabu_Kali:
Kwanza 1904 jumlisha 99 ni 2003. Nawaza tu kwa sauti.

KaraniMstaafu:
Binti yangu, hakuna karatasi iliyofichwa. Nimekuwa mkalimani wa mahakama, Kimaasai na Kiswahili, hadi nikastaafu, na mkataba huo nimeuchambua kuliko kesi nyingi nilizolipwa.

Soma karibu na mwisho. Makubaliano yatadumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo kama kabila, na walowezi hawataruhusiwa kuchukua ardhi ndani ya maeneo yaliyotengwa. Maeneo hayo ni mawili: Laikipia kaskazini, na lile la kusini. Katikati iachwe njia ya kupitia, yenye maji, na Kinangop wabakishiwe maili tano za mraba kwa ajili ya jando. Watu wakisikia tafsiri ina utata hudhani maandishi ya Mzungu ni makali kuliko maneno waliyoambiwa wazee. Hapa Kiingereza chenyewe kinaahidi milele! Anayesema 99 anajipunja.

Mimi ukalimani wa siku ile naushuku pale mwanzo. Imeandikwa kwamba Wamaasai, kwa hiari yao wenyewe, wameona ni kwa manufaa yao kuhamisha watu na mifugo mbali na reli na mbali na ardhi yoyote watakayopewa Wazungu. Sasa niambie, mzee gani alisimama barazani akasema ni faida kwake kuacha malisho ya Naivasha na Nakuru? Angalia na majina ya chini: yupo mkalimani wa Kiswahili, yupo na wa Kimaasai. Maneno yalitoka Kiingereza yakaingia Kiswahili, ndipo yakafika Kimaasai, na majibu yakarudi njia hiyo hiyo. Kazi hiyo naijua. Hakimu anatoa sentensi ndefu kama kamba ya kisima, wewe unavusha nusu. Mzee anajibu kwa mithali, anazunguka, anauliza swali badala ya kujibu, na kwenye jalada linaingia neno moja: "amekubali". Nimeliona hilo kwenye kesi za mbuzi, sembuse za Bonde la Ufa.

Halafu cheo. Olonana, aliyetia sahihi, Waingereza walimwita chifu mkuu wa Wamaasai wote. Alikuwa oloiboni, mtu wa dua na ramli. Anayesemea rika ni olaiguenani, naye husema yale rika limekwisha kukubaliana. Chifu mkuu ni cheo cha Waingereza, walikihitaji ili wawe na wa kutia sahihi.

Ole_Laikipia:
Mzee heshima yako, lakini Olonana usimwoshe. Alikuwa na ugomvi na ndugu yake Sendeyo tangu baba yao Mbatian alipofariki, na Waingereza ndio waliompa nguvu. Alijua alikuwa anakaa upande gani.

KaraniMstaafu:
Simwoshi. Kujua upande wako ni jambo moja, kuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya watu wote ni jingine.

Tena tazama ile milele ilidumu miaka mingapi. Aprili 1911, Olonana akiwa ametoka kufariki mwezi uliotangulia, ukasainiwa mkataba mwingine: Laikipia nayo iachwe, wote wahamie kusini. Gavana Girouard ndiye aliyesimamia. Mifugo ikaswagwa kupitia Mau kwenye mvua na baridi, mingi ikafa njiani. Watu wa Laikipia, nyuma yao akiwa Legalishu, ambaye alikuwa olaiguenani hasa, wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 wakaambiwa mikataba hii ni ya dola na dola, Wamaasai ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya himaya, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuisikiliza. Rufaa nayo ikatupwa. Umeona ujanja? Wakitoa ardhi, wao ni taifa. Wakiidai, mahakama haiwajui.

Nashipae_Narok:
Asante sana mzee. Na hiyo 99 je?

KaraniMstaafu:
Maoni yangu, ilitoka kwenye hati za walowezi. Sheria ya ardhi ya 1902 iliruhusu kukodishwa kwa miaka 99, na ile ya 1915 ikapandisha hadi 999. Watu wakaiona namba hiyo kwenye hati za jirani zao wakaihamishia kwenye mkataba. Ndiyo sababu 2004 waziri wa ardhi aliwajibu kwamba hati ni za miaka 999, mjadala ukageuka hesabu ya hati za Wazungu. Ahadi ya 1904 haikuguswa kabisa.

Hesabu_Kali:
Kwa hiyo waliandamana bure?

KaraniMstaafu:
Nani kasema bure? Waliandamana na hoja dhaifu, yenye nguvu wakaiacha nyumbani. Anayeshika mstari wa "muda wote Wamaasai watakapokuwapo" anamlazimisha mwenzake aeleze 1911, na hapo ndipo hakuna anayetaka kufika.

Nashipae_Narok:
Hukumu hiyo naweza kuipata wapi?

KaraniMstaafu:
Jaribu maktaba ya chuo chenye kitivo cha sheria. Waambie Ole Njogo dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ripoti za sheria za Afrika Mashariki, juzuu ya 5. Wakikupa, anza na majina ya wadai kabla ya hoja za mawakili.